Nilimpulizia Mama Mkwe Pumzi

Ndiyo, Mpendwa Mshauri Bi Apolinaria, ni kweli nilimwekea mama mkwe wangu mdomo, tena juu ya mdomo wake, mchana kweupe, mbele ya nusu ya kijiji, yote uliyoyasikia huko Tabora mjini kutoka kwa abiria wa basi ni kweli isipokuwa lile la kwamba nilikuwa nimelewa, sikuwa nimelewa, na kabla hujaitupa barua hii shikamoo na naomba msaada, kwa sababu mke wangu ameondoka na mimi sasa nakula ugali wa kujipikia ambao jana mbwa wa jirani aliunusa akaniangalia kwa huruma.

Jina langu Masolwa, naishi kijiji cha Ujamaa cha Mtakuja, njia ya Sikonge, umri miaka thelathini na mbili, shule nimefika darasa la nne, kazi yangu ni tumbaku kama watu wote siku za shamba la kijiji, na siku zingine nina baiskeli, napakia madebe ya asali napeleka mpaka stesheni ya Igalula, narudi na chumvi, sindano, viberiti, betri za redio, chochote ambacho duka la kijiji limekosa, na duka letu limekosa kila kitu isipokuwa karani. Babu yangu alibeba pembe za ndovu za watu wengine kichwani mpaka pwani kwa miguu, mimi nabeba vya kwangu kwa magurudumu mawili, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu wa ovyo, ukoo wetu unapanda.

Sasa nikueleze habari ya mkwe. Kwetu mama mkwe haguswi, huli naye, hamkutani njiani, ukimwona kwa mbele unaingia porini kama unatafuta uyoga, na jina lake hulitaji, ndiyo maana hata humu hutaliona. Zamani ilikuwa rahisi, yeye alikaa kwao mwendo wa saa tano, adabu ilikuwa inajitunza yenyewe, halafu tukahamia kijijini, nyumba zikapangwa mistari kama magunia ghalani, na bwana aliyepima viwanja hakuuliza nani mkwe wa nani, mimi nikapewa nyumba ya saba mstari wa pili, mama mkwe nyumba ya nane. Mwaka mzima nimeishi kama mwizi kwangu mwenyewe, naenda kisimani kwa kuzunguka shule, kila nikitaka kutoka mlangoni nakohoa kwanza mara tatu ili yeye ajue aingie ndani, mpaka balozi wa nyumba kumi akanishauri nikapimwe kifua.

Hii kazi ya kubonyeza vifua niliipatia Igalula. Mwezi wa kumi nilikwenda na asali, mvua ikanikuta, nikajibanza kwenye chumba cha stesheni ambako kulikuwa na mwalimu wa Msalaba Mwekundu anawafundisha watu wa reli, na mimi nikakaa kwa sababu niliona birika la chai. Chai haikunifikia, ila mafunzo yalinifikia. Alikuwa na gunia la pumba analaza chini, anatuonyesha mahali pa kuweka mikono, anasema mtu ambaye moyo umesimama si maiti bado, ni kama baiskeli iliyotoka mnyororo, ukiizungusha kwa mkono magurudumu yanakwenda mpaka fundi aje. Hilo nililishika pale pale, maana kwa habari ya minyororo mimi ni profesa. Nikabonyeza lile gunia mara nyingi kuliko watu wa reli wote, mwalimu akanipa mkono.

Basi mwezi wa pili tuko shamba la kijiji tunavunja majani ya chini ya tumbaku, wingu likaja jeusi, watu wote tukakimbilia kibanda cha kufungia majani. Wote isipokuwa mmoja. Mama mkwe alifika mpaka karibu ya kibanda, akachungulia, akaniona mimi nimo, akageuka, akaenda kusimama chini ya mninga ulioachwa katikati ya shamba. Mshauri, nilimwona. Nilisema moyoni, nitoke mimi, halafu nikasema ah, ni mvua tu. Radi ikapiga ule mninga, gome likaruka, na yeye akawa chini.

Hakuna aliyekwenda. Batuli, jirani yetu, ambaye ana nguvu za kubeba gunia la mahindi na mtoto mgongoni, alisimama mlangoni anapiga kelele, "Asiguswe! Ana radi mwilini, atatuchoma wote!" Mke wangu Siwema anataka kukimbia, wanawake wamemshika kanga.

Nikawaambia, "Mwachieni! Siwema, nenda kambonyeze mama kifua!"

Akanigeukia, macho haya, akasema, "Nimbonyezeje?"

Na mimi, Mshauri, sikuwa na muda wa kufundisha. Nikatoka. Nikapiga magoti kwenye matope, hapumui, midomo imekuwa kama majivu, nikamwambia, "Shikamoo mama, unisamehe," hakuitikia, nikaanza. Kumi na tano, pumzi mbili. Kumi na tano, pumzi mbili. Ubavu ukalia ndani kama kuni kavu, nikasikia mwenyewe kwenye viganja, nikaendelea. Shemeji yangu Ngollo, kaka yake Siwema, anasema ilikuwa muda wa kumenya mihogo mitatu, mimi naona ilikuwa tangu Uhuru. Halafu akakohoa, akavuta pumzi yake mwenyewe, akafungua macho, akaona ni mimi, akayafunga tena.

Trekta la kijiji likampeleka zahanati, maili tisa, akalala siku nne, akarudi anatembea. Nikadhani nitachinjiwa kuku. Badala yake Siwema alipika siku mbili, siku ya tatu akafunga kanga zake akasema, "Umeniokolea mama, sina la kusema. Lakini mama hawezi kuniangalia nikitoka nyumba yako. Naenda kukaa naye." Nyumba ya nane, Mshauri! Mke amenikimbia hatua ishirini, na siwezi kumfuata kwa sababu mama mkwe yumo.

Kidogo niseme na hili, maana umesema gazetini tusifiche. Watu walianza kuniita Daktari wa Wakwe, na mimi napenda watu wacheke, kwa hiyo pale kilabuni, tangu mama akiwa zahanati, siku moja mbili hivi, basi, sema wiki, nilikuwa naonyesha jinsi ilivyokuwa, kwa kutumia mtungi, na jinsi alivyofumba macho, mambo madogo tu ya mchezo.

Wiki iliyopita Ngollo amekuja na wazee wawili. Anasema, "Shemeji, tunataka mbuzi mmoja. Halafu useme mbele ya watu akili zilikupotea. Halafu uape hutamwekea mtu mdomo tena maisha yako."

Nikamwuliza, "Hata wewe ukianguka?"

"Hasa mimi!"

Mbuzi ninaye. Siwema namtaka, nyumba imekuwa pango. Lakini kuapa, mdomo unakataa, kwa sababu mimi nimeushika ule moyo uliosimama na nimeusikia unaanza, na leo naambiwa niseme ulikuwa wazimu. Nikiapa, mke anarudi. Nisipoapa, nazeeka na ugali wangu. Niape au nisiape, nisaidie haraka.

Masolwa, Mtakuja

*

Marahaba, Masolwa, na pole kwa ugali.

Usiape. Hilo nalitanguliza usije ukaishia katikati ya barua kama ulivyoishia darasa la nne. Siku ukiapa, kijiji kizima kitaelewa kwamba aliyeanguka aachwe, na mtu atakayelipa kiapo chako huenda bado yuko mgongoni kwa mama yake.

Ulichokifanya shambani ni sawa, na yule mwalimu wa Igalula angekupa mkono mara ya pili. Ubavu uliovunjika ni majuma sita, unapona. Radi haikai ndani ya mtu, inapita mara moja imekwenda zake, anayemshika aliyepigwa haungui, waambie hivyo Batuli na wenzake kwa jina langu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita. Nimepokea watu walioletwa kwa machela, kwa baiskeli, kwa tela la trekta, wamezungukwa na ndugu kumi na wawili, mikono ishirini na minne, na njia nzima mikono ile ilishika vichwa na kulia. Hapakuwa na hata mmoja aliyeambiwa aiweke wapi. Moyo ukisimama, hakuna muda wa kusubiri daktari, dakika zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zahanati yenu iko maili tisa. Atakayemrudisha ni mtu mwenye jembe aliyekuwa karibu naye. Huyo ndiye anayetakiwa ajue.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umeniletea kurasa sita kuhusu shamba, na mistari mitano kuhusu kilabu, ukaiita mambo madogo. Kijana wangu, mama yule hakufedheheka shambani. Shambani alikuwa hana habari. Amefedheheka kwenye mtungi wa pombe, wiki nzima, watu wakicheka jinsi alivyofumba macho. Fikiri wewe ndiye umerudi kutoka kule alikokuwa, ubavu unauma hata kupumua, na kutoka nyumba ya nane unasikia watu wanakuigiza. Mke wako amekwenda kukaa mlangoni kwa mama yake kwa sababu ya kicheko hicho, na wewe unalaumu mila.

Na la pili, ambalo ni zito zaidi. Ulijua kazi hii tangu mwezi wa kumi. Miezi minne! Umeleta sindano kijijini, umeleta viberiti, umeleta betri, na hili moja ulilolipata bure hukumpa hata anayelala kitanda kimoja na wewe. Alikuuliza nimbonyezeje, binti mwenye haki ya kumshika mama yake popote, na jibu lilikuwa limefungwa kichwani mwako kama bidhaa ya kungojea bei. Angejua Siwema, mdomo wako usingehitajika, na leo ungekuwa unakula ugali wa watu. Ndiyo maana nasema haitoshi mmoja ajue. Anayejua anaweza kuwa mkwe. Anaweza kuwa yuko safarini na asali. Anaweza kuwa yeye ndiye aliyeanguka.

Basi fanya hivi. Mbuzi mtoe, na awe mnono, hiyo ni heshima na heshima haijamuua mtu. Maneno useme wewe na si Ngollo: kwamba unaomba radhi kwa ya kilabuni, na kwa ya shambani huombi. Halafu nenda kilabuni kwenyewe, mahali pale pale ulipochekesha, useme mchezo umekwisha. Mama apelekwe hospitali apimwe moyo, masikio na macho, aliyepigwa na radi haachwi hivi hivi hata akitembea.

Halafu fundisha. Anza na Siwema. Mwombe mwalimu wa kisomo cha watu wazima akupe saa moja ya darasa la wanawake. Tafuta gunia la pumba, na msijaribu kumbonyeza mtu ambaye moyo wake unapiga, mtamwumiza. Waambie: aliyeanguka mwite, mtikise bega, haitiki, hapumui, mmoja akimbilie zahanati na mmoja apige magoti. Chali, mahali pagumu. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza kwa uzito wa mwili, haraka kuliko sekunde za saa ya ukutani, uachie kifua kiinuke kila mara. Hesabu zako unazijua, kumi na tano, kisha inua kidevu, ziba pua, pumzi mbili. Msiache mpaka apumue au mwenye ujuzi zaidi afike, na mkichoka mpokezane.

Na mvua ikianza kunguruma, watu wote waende ghalani au shuleni, mtu asisimame chini ya mti. Mkwe akiingia, wewe geuza uso ukutani. Ukuta utakuvumilia.

Bi Apolinaria

*

Mpendwa Mshauri, umenichapa na kila fimbo ilinipata, na kwa kuwa gazeti lako linasomwa kwa sauti darasa la kisomo, nilichapwa mbele ya wanakijiji thelathini na wanne, ambao waliomba mwalimu arudie ile sehemu ya mtungi.

Mbuzi nilitoa. Kilabuni nilikwenda, nikasimama, nikasema nilimfanyia mchezo mama mkwe wangu na sitarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimesema kitu mle ndani watu hawakucheka. Ngollo alidai kiapo, nikamwambia nimenyimwa ruhusa na muuguzi, akaenda kumwuliza mama. Mama mkwe akajibu kupitia kwake, "Mwambieni yule mtu mbuzi nimemwona. Na kiapo cha nini? Mnataka siku nyingine nibaki kule?"

Siwema alikubali kuvuka aje uani kwangu siku nne, nikamfundisha kwenye gunia, akanisahihisha viwiko. Jumapili wakakusanyika wanawake ghalani. Mimi sikuweza kuingia kwa sababu mama mkwe alikuja, kwa hiyo nikasimama nje nyuma ya ukuta, nahesabu kwa sauti. Siwema akasema anataka mtu alale awaonyeshe mahali pa kuweka mikono tu, bila kubonyeza. Wanawake wakaangaliana, maana nani anataka kulala kama marehemu. Nikasikia mama mkwe anasema, "Nitalala mimi. Ninyi wengine hamna uzoefu."

Batuli alibonyeza gunia mpaka likapasuka.

Walipokuwa wanazoa pumba, mama mkwe akasema, taratibu, "Batuli, mwulize huyo aliye nyuma ya ukuta. Siku ile aliogopa?"

Batuli akauliza kama vile sijasikia. Nikasema, "Mwambie niliogopa mpaka leo. Na mwambie nilimwona anageuka mlangoni pa kibanda, ilinipasa nitoke mimi."

Mama mkwe akasema, "Mwambie mvua nyingine atageuza uso ukutani, mimi nitaingia." Siwema alirudi nyumba ya saba jioni ile ile. Mbwa wa jirani naye amerudi.

Sasa Mshauri naomba nafasi kidogo niongee na wanaosoma, maana biashara ndiyo kazi yangu.

Wewe hapo mwenye gazeti mkononi, tupatane. Nipe watu kumi wa kijiji chako, na gunia moja la pumba, lililoshonwa vizuri tafadhali. Chagua siku isiyo ya shamba la kijiji. Mimi nitakuja kwa baiskeli na Siwema kwenye keria, hata iwe huko ndani Sikonge, hata iwe Igalula. Atafundisha yeye, mimi nitahesabu. Senti yako sitaki. Bei yangu ni hii: kila mmoja wa hao kumi, kabla jua halijazama, amfundishe mtu mmoja, na mtu huyo awe ni yule anayeruhusiwa kumshika mama mkwe wa huyo anayefundisha. Kaka zake huyo mama, binti zake, dada zake, wewe ndiye unayewajua. Ukikubali, andika jina la kijiji chako utume hapa hapa kwa Bi Apolinaria. Ukikataa, sikulazimishi, hii ni nchi huru. Ila ujue kwamba njia ya asali inapita karibu na kwako, na siku moyo wako ukigoma na mwenye kujua asipatikane mwingine, atakayekupulizia ni mimi mwenyewe, na mimi natafuna tumbaku.

Masolwa